Mama akanyage, mi nifungue: nilivyotoa upepo breki za gari yangu nyumbani

Tulikuwa tunashuka kutoka Lushoto, mimi na mama mbele, wanangu wawili nyuma, tumetoka msibani, buti imejaa viazi na kabichi na peasi za kuwapelekea majirani Dar. Tumeshapita Soni kama dakika kumi hivi, kona imekuja, nikakanyaga breki na pedeli ikaenda. Yaani ikaenda mpaka chini kabisa, laini kama umekanyaga godoro, na gari haikupungua hata kidogo.

Aliyewahi kupita ile barabara anaijua. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, halafu kona juu ya kona hadi Mombo. Nilipampu pedeli haraka haraka mara nne tano ikashika kidogo, gari ni otomatiki, nikatoa gia D ya kawaida nikaweka 2 ambayo ni ndogo, injini ikalia, nikaivuta hendibreki taratibu ili tairi za nyuma zisikwame, na mbele kidogo palikuwa na mahali pamepanuka nikaegesha. Mama hakusema neno tangu ilipoanza mpaka gari iliposimama. Alikuwa ameshika kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Baba, washushe watoto kwanza."

Nikawashusha. Tairi za mbele zilikuwa zinanuka, ile harufu ya pedi zilizoungua, ukisogeza kiganja karibu na rimu unasikia joto linakupiga. Tukakaa pembeni kama dakika arobaini na tano tukila peasi. Niliporudi kwenye gari na kukanyaga, pedeli ilikuwa juu, ngumu, kama hakuna kilichotokea.

Na hapo ndo pa hatari kuliko pote, nataka nikae hapo kidogo maana hiki ndo kitu kilichonifanya niandike. Breki zangu zilirudi zenyewe. Tukashuka hadi Mombo kwa gia L, ile ndogo kabisa, mwendo wa baiskeli, tukafika Dar salama, na kesho yake nikapeleka gari gereji. Kijana akakanyaga pedeli mara tatu akaniambia, "Bosi mbona breki ziko poa, pedi tu zimeisha, tubadilishe pedi." Alikuwa anasema alichokiona, pedi kweli zilikuwa zimebaki kidogo. Ningebadilisha pedi, ningelipa, ningeondoka na moyo mweupe, na safari nyingine ya Lushoto ningewapeleka watoto wangu kwenye kona ileile na ugonjwa uleule.

Aliyeniambia ukweli ni mzee mmoja jirani yetu, alikuwa fundi wa mabasi miaka mingi, sa hivi amestaafu, anakaa tu barazani na redio yake. Nilimpitia jioni nikamsimulia. Hakuuliza habari ya pedi kabisa. Aliuliza, "Mafuta ya breki mara ya mwisho umebadilisha lini?" Nikamwambia mzee mi huwa naongezea tu yakipungua. Akanyanyuka, akafungua boneti, akafungua kile kichupa cha mafuta ya breki, akachovya karatasi nyeupe. Ilitoka rangi ya kahawa. "Haya yanatakiwa yawe kama asali ile nyepesi," akasema. "Haya ni maji na uchafu."

Mafuta ya breki tunayaita mafuta ila sio mafuta kama ya injini. Haya ya DOT 3 na DOT 4, ndo madaraja yanayoandikwa kwenye chupa, yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani, polepole, kupitia mfuniko na hata kupitia mipira ya breki yenyewe, na kwa mtu anayekaa Dar na huu unyevu wetu wa baharini hilo linatokea gari ikiwa imepaki tu. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi joto 205, ikishakunywa maji asilimia 3.7, ambacho ndo kipimo kinachotumika, inaruhusiwa kushuka mpaka 140. DOT 4 inaanzia 230 inashuka mpaka 155. Sasa fikiria pistoni ya breki iko nyuma ya pedi iliyopata moto wa kushuka mlima, mafuta yanachemka ndani ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei ndo maana mguu wako unafika mpaka kwenye tairi, ila mvuke unabonyea. Unakanyaga mvuke badala ya kukanyaga pedi. Ukikaa dakika arobaini ukapoa, mvuke unarudi kuwa maji, pedeli inarudi juu, na fundi anakwambia breki ziko poa.

Nilipiga hesabu siku hiyo usiku maana usingizi uligoma. Gari yangu ni Corolla 110, na watu na mizigo ile tuseme kilo 1,400. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita elfu moja. Ukiishusha gari yote hiyo kwa breki tupu, joto litakalotoka linatosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji, ndoo mbili kubwa, kutoka maji ya bomba hadi yachemke. Injini ikishika gia ndogo inakubebea sehemu kubwa ya huo mzigo, upepo nao unabeba kidogo. Mi nilikuwa kwenye D njia nzima, mguu kwenye breki. Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe na nimelibeba.

Basi nikaamua nifungue breki zote nne mwenyewe. Mzee akasema atakaa kwenye kiti aniangalie, mikono yake inatetemeka siku hizi hawezi kushika spana, ila macho anayo.

Jumamosi nikaenda Ilala, Shauri Moyo, kutafuta spea. Nilinunua mafuta ya DOT 4 chupa mbili za nusu lita, zimefungwa, sili haijaguswa. Dukani walitaka kunipimia kwenye chupa iliyokuwa imefunguliwa, bei rahisi, nikakataa, na wewe ukatae, chupa iliyokaa wazi kwenye shelfu mwezi mzima imeshaanza kunywa maji, unanunua ugonjwa uleule unaoutoa. DOT 3 na DOT 4 zinaingiliana hakuna shida, ila DOT 5 ni silikoni, hiyo usiichanganye kabisa na hizi. Nikachukua pedi za mbele, viatu vya breki vya nyuma, sili za kalipa pamoja na raba zake za vumbi, raba za silinda za nyuma, na grisi ya silikoni kakopo kadogo. Njiani nikapita duka la dawa nikanunua mpira wa dripu, ule unaoona ndani, mzee ndo alinishauri, ukiuchovya kwenye maji ya moto ncha inalainika unaingia kwenye nipeli vizuri kabisa.

Kama hujawahi: nipeli ni kile kibolti kidogo chenye tundu nyuma ya kalipa, au nyuma ya silinda kwa breki za dramu, kwangu kinafunguliwa na spana namba 8. Tumia spana ya mviringo, usije na ile ya mdomo wazi, ikiteleza inakula kona za nipeli na hapo umejitafutia kazi ya siku tatu. Nipeli zangu mbili za nyuma zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nilipulizia dawa ya kutu Ijumaa usiku, nikapulizia tena asubuhi, nikagonga gonga taratibu na nyundo ndogo kwa pembeni, zikakubali. Ikigoma usiilazimishe, kalipa au silinda nzima ni bei nyingine.

Gari iwe sehemu tambarare, mawe nyuma ya tairi, legeza nati kabla hujapiga jeki, na ukishapiga jeki weka stendi. Mzee hakuruhusu hata kiganja changu kiingie chini ya gari kabla stendi haijakaa.

Tairi ya mbele kushoto ilipotoka ndo nikaona kingine ambacho nisingekijua milele. Pedi ya ndani imebaki kama milimita 2, ya nje ina 6. Kalipa za gari hii zinateleza kwenye pini mbili, pistoni inasukuma pedi ya ndani, na kalipa inateleza inavuta ya nje. Pini moja ilikuwa imekauka imeshika kutu, haiendi wala hairudi, kwahiyo pedi ya ndani ilikuwa inasugua diski saa zote hata nisipokanyaga. Ndo maana tairi ile ilikuwa ya moto kuliko mwenzake. Aliyezipaka grisi mara ya mwisho alitumia grisi ya beringi, hiyo inavimbisha raba na kuganda kwa joto. Nilizisafisha kwa brashi ya waya na msasa laini, nikapaka ile ya silikoni, zikawa zinaingia na kutoka kwa kidole kimoja.

Kutoa pistoni: nilirudisha kalipa peke yake bila pedi, mpira wake wa mafuta bado umefungwa, nikaweka kipande cha mbao mahali pa pedi, mwanangu akakanyaga pedeli polepole hadi pistoni ikatokeza na kugusa mbao. Vidole viwe mbali, ile kitu ina nguvu ya kukata kidole. Ukitumia upepo wa kompresa ndo kabisa, inatoka kama risasi.

Ndani ya kalipa kuna sili moja ya mpira, mraba kwa umbo, imekaa kwenye mfereji wake. Naomba nikwambie kuhusu hii sili maana niliishika mkononi nikashangaa. Hamna springi inayorudisha pistoni kwenye breki ya diski. Ukikanyaga, pistoni inaenda mbele inaivuta sili inajikunja kidogo, kidogo sana, chini ya milimita, ukiachia sili inataka kurudi kwenye umbo lake na inairudisha pistoni nayo. Hicho tu. Kipande cha mpira cha bei ya soda mbili ndo kinachoachanisha pedi na diski. Kikishakakamaa au mfereji wake ukijaa kutu, pedi hazirudi, breki zinashika, zinapata moto, na mafuta yanaanza kuchemka. Nilikwangua ule mfereji kwa kijiti cha mbao, maana bisibisi inaweza kuchora chuma, nikafuta kwa kitambaa chenye mafuta mapya ya breki. Petroli usitumie kabisa hapo, wala oili, wala mafuta ya taa, raba za breki zinavimba. Pistoni moja ilikuwa nzima, ya pili ilikuwa na vishimo vya kutu pale sili inapopita, mzee akapitisha ukucha akasema hii haifai, nikarudi Ilala Jumatatu kutafuta nyingine. Kazi ikalala siku mbili gari ikiwa kwenye stendi.

Nyuma ni dramu. Sitaeleza sana, ila fungua upande mmoja kwanza, mwingine uuache uwe ramani yako, maana zile springi na vile vyuma vidogo ukichanganya utakaa hapo hadi usiku, na piga picha kwa simu. Lile vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kompresa, viatu vingine hasa vya zamani vina asbestosi na mapafu hayana spea. Mwagia maji, futa kwa tambara bichi. Ukifunua kile kiraba cha silinda ya tairi ukakuta pamelowana, silinda inavuja. Yangu ya kulia ilikuwa imelowana.

Jumanne jioni ndo ikabaki kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia za mafuta nilipofungua, nayo inabonyea kama ule mvuke, na hii kazi inataka watu wawili. Mwanangu alikuwa na homa, mke wangu kazini, mzee miguu inamuuma. Mama akatoka ndani, akajifunga khanga vizuri akaniuliza, "Kwani kukanyaga tu nani asiyeweza?"

Mama hajawahi kuendesha gari. Ila alishona cherehani ya miguu zaidi ya miaka thelathini, sare za shule za watoto wa kata nzima, na sisi tulisomeshwa na ile cherehani. Akakaa kwenye kiti cha dereva, akavua kandambili, mguu peku juu ya pedeli. Nikamweleza: nikisema kanyaga unakanyaga polepole, unashikilia, huachii mpaka nikwambie achia. Nikaweka kipande cha mbao nyuma ya pedeli isifike chini kabisa, maana masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, kwa gari yenye umri huu kule mwisho haijawahi kufika, kuna kutu na uchafu, ukizipeleka raba zake huko zinachanika na masta yenyewe inakufa siku hiyohiyo.

Unaanza na tairi iliyo mbali zaidi na masta silinda. Gari zetu usukani uko kulia, masta iko kulia mbele, kwahiyo kwangu nilianza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, nikamalizia mbele kulia. Kabla ya hapo nilivuta yale mafuta meusi kwenye kichupa cha juu kwa bomba la sindano nikajaza mapya, usije ukaanza kusukuma uchafu wote upite njia nzima. Gari yangu haina ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisikwame ukikanyaga breki kwa nguvu. Yenye ABS, upepo ukiingia kwenye ile bloku yake unaweza kuhitaji kompyuta kuutoa, kwahiyo huko usiruhusu kichupa kikauke hata sekunde.

"Kanyaga mama."

"Nimekanyaga."

Nafungua nipeli robo, mafuta yanapita kwenye mpira wa dripu yanaingia kwenye chupa, nafunga. "Achia." Lazima ufunge kabla hajaachia, akiachia ikiwa wazi inavuta hewa na umerudi mwanzo. Yalianza kutoka meusi, yakaja ya kahawia na vipovu, vipovu vinapita kimoja kimoja kwenye ule mpira unaviona kabisa, kisha yakaja ya rangi ya asali. Kila baada ya mara tano sita nanyanyuka naongeza mafuta juu. Mzee kwenye kiti chake anahesabu kwa sauti.

Tulipomaliza zote nne mi nikajua tumemaliza. Mama akakanyaga mara moja zaidi bila kuambiwa, akakaa kimya, akakanyaga tena. Akasema, "Baba, hapa bado. Mwanzo wake ni laini kabla haijashika. Kama mkanda wa cherehani uliolegea, unaukanyaga na gurudumu linachelewa."

Nikakanyaga mwenyewe. Sikuisikia. Mzee akaniambia nimsikilize mama yangu. Nikarudi mbele kushoto, kwenye kalipa niliyokuwa nimeifungua yote, nikaigonga gonga kwa mpini wa nyundo ili povu lililonata lipande juu kwenye nipeli, mama akakanyaga, nikafungua, na pale kwenye mpira likapita povu moja refu, kama urefu wa njiti ya kiberiti. Likafuatia jingine dogo. Halafu asali tupu. Nilibaki nimechuchumaa na spana mkononi nikilitazama lile povu kwenye chupa, nikifikiria kona ya chini ya Soni.

"Sasa imekaa," mama akasema, akavaa kandambili zake.

Lita nzima iliisha karibu yote. Tone lililomwagikia kwenye bodi nililimwagia maji mengi hapohapo, mafuta ya breki yanakula rangi, na mimi yamenilia kipande kwenye bampa maana niliacha tambara lililolowana usiku kucha. Yale machafu nilifunga kwenye chupa nikayapeleka gereji wanapokusanya oili chafu, usimwage chini karibu na kisima.

Kabla ya kutoka barabarani: injini imezimwa pampu hadi pedeli iwe ngumu, shikilia mguu dakika nzima, isishuke. Ikishuka kuna mahali panavuja. Halafu washa gari ukiwa umekanyaga, pedeli itazama kidogo, hiyo ni busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, inafanya kazi na ni sawa. Nilizunguka kila tairi na karatasi ya chooni, nikagusisha kwenye kila nipeli na kila kiungo, ikatoka kavu. Kisha alfajiri barabara ikiwa tupu nikaenda spidi 50, nikapunguza kwa breki hadi kama 10, bila kusimama kabisa, mara nane hivi na kupumzisha katikati, pedi mpya zizoeane na diski.

Mwezi wa nane tulipanda tena Lushoto, arobaini ya yule ndugu yetu wa ule msiba ilishapita tukaenda kuona familia. Kushuka nilikuwa kwenye L na 2 njia nzima, breki nakanyaga kabla ya kona, naachia, zipoe. Soni nikasimama, nikasogeza kiganja kwenye rimu zote. Za mbele zina joto la kawaida, kushoto sawasawa na kulia. Mama hakushuka. Alinyoosha mguu akagusa sakafu ya upande wake akasema tuendelee, jua linazama.

Juu ya mfuniko wa kichupa nimebandika plasta, nimeandika kwa kalamu DOT 4 na mwezi na mwaka. Miaka miwili ikifika nabadilisha yote, hata kama pedeli ni ngumu kama jiwe. Wiki iliyopita nilikuwa naosha gari nikaona mpira wa breki wa nyuma kushoto umeanza kuwa na vinyufa, bado hauvuji, ila ukiukunja unaviona. Mpira mpya nimeshanunua, na chupa moja ya mafuta. Mama nimemwambia aje Jumamosi.